Kinanda Kinachongoja

"Mwanangu, watukimbiza."

Bibi aliniambia maneno hayo nje ya mlango wa kanisa, Kisauni, Jumapili ya pili tangu nikabidhiwe kinanda. Nilikuwa na miaka 19. Alinishika kiganja akakibana, asikiachie mpaka alipomaliza. "Wapiga vizuri, sikatai. Lakini pale mwisho wa mstari tungoje. Wewe washafika, sisi tungali njiani."

Nilimjibu kwa heshima, "Nimesikia, bibi," kisha nikaenda zangu nimeudhika. Moyoni nilijua kosa si langu. Mwalimu wa kwaya alinifunza kuhesabu kwa kugonga mguu, moja mbili tatu nne, na noti iliyoandikiwa pigo moja ilipata pigo moja. Washirika wa ibada ya asubuhi, hasa akina mama wa viti vya mbele, walikuwa wakivuta. Kila mstari ulipokaribia kwisha waliushusha kama mtu anayetua mtungi wa maji kichwani, taratibu, usimwagike. Mimi nilikuwa nimeshaanza mstari wa pili. Uvutaji ule niliuita uzembe, na nilikaa na jina hilo miaka mingi. Leo nataka kuandika jinsi nilivyolifuta.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha kukanyaga, harmoniamu. Ubao wake ulikuwa mweusi ulioliwa pembeni, vitufe vyake rangi ya meno ya mzee, na vikanyagio viwili vilivishwa vipande vya zulia kuukuu. Ndani hamna bomba hata moja. Mna ndimi nyembamba za shaba, kila ulimi na sauti yake, umekazwa upande mmoja na upande wa pili uko huru kutikisika. Ukikanyaga, mvukuto unapata upepo. Ukibonyeza kitufe, kijidirisha kinafunguka, upepo unapita penye ulimi, nao unalia. Alexandre Debain wa Paris alikiandikisha chombo cha namna hii kwa jina hilo la harmoniamu katika miaka ya 1840. Ni miaka ileile Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa, 1844, akamzika mkewe Rosina mwaka huohuo, ng'ambo ya kisiwa. Kinanda cha mabomba kinadai jengo la mawe na fundi wa kukitunza. Harmoniamu inadai sanduku, mashua na wachukuzi wachache. Ndiyo maana ikawafuata wamisionari popote walipokwenda, na ndiyo maana wengi wetu wa makanisa ya Pwani, tukisema kinanda, hicho ndicho kinachotujia akilini.

Huku kwetu lakini kengele ndiyo yenye jina. Anayepanda matatu ya Kisauni au Bamburi amesikia makanga akiita "Kengeleni!" na huenda hajawahi kuinua macho aitazame. Ni kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la misioni la Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Iligongwa kuwaonya watu kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine walikusanywa hapo, kila mtu na lugha ya mama yake, na Kiswahili kikawa lugha ya kuombea, ya kugombania na ya kuimbia. Nawaza sana juu ya jambo hilo. Kwaya ya kwanza ya mahali hapa ilikuwa ya watu walioimba katika lugha waliyoikuta, nyimbo zilizofasiriwa kutoka lugha nyingine tena, kwa tuni zilizotungwa Uingereza na Ujerumani. Hata hivyo wakaimba mpaka ikawa yao.

Miongoni mwa wazee wao walikuwamo Wabombei, Waafrika waliookolewa baharini wakalelewa India kisha wakarudishwa Mombasa. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walibarikiwa kuwa mashemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Mwaka huohuo Hannington alifunga safari ya kwenda Uganda, na Oktoba akauawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha Rabai walionusurika, mapema mwaka 1886. Ukipita Barabara ya Nkrumah ukaliona Kanisa Kuu la Memorial, ukumbusho ni wa Hannington huyo, pamoja na Henry Parker aliyemfuata katika uaskofu akafa kusini mwa Ziwa Victoria mwaka 1888. Lilijengwa kati ya 1903 na 1905, na mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni msikiti, kwa lile kuba lake na yale matao. Nalipenda kwa sababu hiyo hasa. Mtu aliyelichora alitazama mji anaojengea.

Sasa twende Nairobi kidogo, kwa sababu huko ndiko nilikoanza kumwelewa bibi.

Tulikuwa tumesafiri na kwaya, na asubuhi moja mwenzangu akanipeleka All Saints' Cathedral, kanisa ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917 na ujenzi ukakamilika 1952. Hapo ndipo niliposikia kinanda cha mabomba kwa mara ya kwanza, mtu akifanya mazoezi, kanisa tupu. Sauti za chini zilinifikia mgongoni, kupitia ubao wa kiti, kabla sijazisikia masikioni. Baadaye nilisoma sababu. Bomba lililo wazi lenye urefu wa futi 8 hutikisa hewa kama mara 65 kwa sekunde. La futi 16 hutikisa nusu ya hiyo, na hapo mwili unashiriki kusikia.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa mikono ya yule mpigaji. Kila mwisho wa mstari aliinyanyua. Akaacha sauti iende, ipande ukutani, irudi, ndipo akaendelea. Hakuna aliyemlazimisha. Kwenye harmoniamu, miguu yako ikichoka upepo unakatika, kwa hiyo chombo chenyewe kinakuhimiza uende. Kinanda cha mabomba cha siku hizi hupulizwa na mota ya umeme, pumzi yake haiishi. Mpigaji anangoja kwa kupenda. Nilimtazama na nikamsikia bibi: tungoje.

Ningependa msomaji wa Mombasa ambaye hajakiona kinanda cha mabomba akielewe bila shida, na nadhani njia ya kumweleza iko hapahapa kwetu. Mabomba yake ni koo mbili. Ukoo wa kwanza ni filimbi tupu: upepo unapiga ukingo wa tundu, hewa iliyo ndani ya bomba inalia. Ukoo wa pili ni nzumari. Kila aliyewahi kumsikia mpiga nzumari kwenye harusi, mashavu yamemvimba, anajua kwamba sauti ile kali haitoki kwenye mti wenyewe, inatoka kwenye kijilimi cha jani kilichobanwa mdomoni. Mabomba ya ukoo wa pili yana ulimi wa shaba chini yake unaofanya kazi ileile, na ndiyo maana yanalia kwa ukali unaopasua kelele za watu mia tano. Mpigaji ana vifundo vya kuvuta pembeni mwake. Akivuta hiki anaita filimbi, akivuta kile anaita nzumari, akivivuta vyote ni kama harusi na mazishi na sikukuu zimekutana. Na chini ya yote ni mvukuto, ndugu wa ule wa mhunzi.

Hatukuwa wageni wa upepo unaopewa heshima. Siwa za Lamu na Pate, yaani baragumu kubwa, moja ya shaba na moja ya pembe za ndovu, zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, na zamani hazikupulizwa ovyo: zilitangaza cheo, ndoa, kutawazwa. Na asili ya kinanda cha mabomba chenyewe si Ulaya. Kilibuniwa Aleksandria, mji wa bandari wa Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na Ktesibio, mtoto wa kinyozi, aliyetumia uzito wa maji kuutuliza upepo usitetemeke. Kilianza maisha katika mji wa pwani wa Afrika, watu wakipakua majahazi. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi katika madarasa yetu ya kwaya. Mimi hulisema kila mwaka ninapopata wanafunzi wapya, na kila mwaka wanakaa wima zaidi kidogo.

Hewa ya Mombasa, hata hivyo, haina huruma na vinanda. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hupandisha sauti ya bomba la filimbi kidogo sana, lakini kidogo na kidogo hujaza kibaba. Piga hesabu: bomba lililopatanishwa Nairobi alfajiri ya Julai, nyuzi 13, ukalileta hapa mchana wa Februari, nyuzi 32, litakuwa limepanda zaidi ya nusu ya ile hatua fupi iliyopo kati ya ti na do. Ukoo wa nzumari haupandi hivyo, kwa hiyo koo mbili zinaanza kugombana ndani ya kinanda kimoja. Halafu kuna unyevu unaovimbisha mbao, chumvi inayokula shaba, na mende wanaokula ngozi na gundi. Harmoniamu yetu iliugua maradhi yote hayo isipokuwa lile la joto, maana ndimi zake hazibadiliki sana. Ukafika mwaka ambao sauti 11 zilikuwa kimya na re ya katikati ilikuwa inalia yenyewe bila kuguswa, katikati ya mahubiri.

Nilizunguka na tatizo hilo. Duka moja la ala mjini liliniambia nitupe, ninunue kibodi. Mtu mwingine alichukua malipo ya mwanzo, sikumwona tena. Mwishowe mshirika mmoja akanielekeza kwa fundi wa Mji wa Kale, mzee wa Kiislamu anayetengeneza harmoniamu za taarab.

Nilimpelekea ulimi mmoja wa shaba ndani ya leso. Aliugeuza, akaupuliza, akatabasamu. "Hiki chenu na hiki chetu ni watoto wa baba mmoja," akaniambia, akainyoshea kidole harmoniamu ya mkono iliyokuwa rafuni. Alisema kweli. Chombo kilichobuniwa Paris kilifika India, mafundi wa Calcutta wakakikata miguu, wakakifanya cha kupulizwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mwingine, mtu ameketi chini. Kisha kikavuka bahari na kuingia katika taarab ya Mombasa, pamoja na tabla na lahani za Kihindi ambazo Juma Bhalo alizipa maneno ya Kiswahili yasiyosahaulika. Kwa hiyo Mombasa ilipokea harmoniamu mara mbili, moja kwa mlango wa kanisa na nyingine kwa mlango wa harusi. Hata neno tunalotumia si la kanisa. Kinanda, kwa wazee wa pwani, kilikuwa chombo cha nyuzi, ndugu wa gambusi, na ngoma ya kinanda ilichezwa kwenye sherehe za waungwana kabla neno halijahamia kwenye vitufe.

Fundi alinifunza kazi ambayo naifanya hadi leo. Ulimi uliochafuka huoshwa, haukwaruzwi. Lakini ukishapoteza sauti yake, ukiukwaruza ncha kidogo sana unapanda, ukiukwaruza karibu na shina unashuka. Mkwaruzo mmoja, kisha usikilize. Mkwaruzo mwingine, usikilize. "Usiwe na haraka nao," alisema, na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa hivyo na mwingine.

Alikuwa pia mpenzi wa mashairi. Siku moja, akiwa ameinama kwenye kazi, alianza kughani utenzi kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeshika penseli, nikajikuta nahesabu mizani. Nane. Nane. Nane. Nane. Vipande vinne vya mizani nane, kama utenzi wowote. Hilo nililisoma shuleni. Kitu ambacho sikukisoma shuleni ni kile nilichokisikia: kila kipande, alipofika mizani ya saba, alikaa juu yake. Aliikaza, akaivuta, kisha ya nane akaiachia ianguke yenyewe.

Niliganda pale kwenye kigoda. Ndicho alichokuwa akikifanya bibi.

Nieleze vizuri, maana hili ndilo lililonipeleka kuandika. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Bwana, mwokozi, mbinguni, milele: sikiliza pale neno linapokanyaga. Kwa hiyo mstari wa mizani nane, neno la mwisho likiwa lolote, hukanyaga kwenye ya saba. Kiingereza hakina sheria hiyo. Mstari wake unaweza kukanyaga silabi ya mwisho kabisa, na tuni nyingi za zamani zimejengwa hivyo. Tuni maarufu ya Zaburi ya 100, iliyochapishwa Geneva mwaka 1551 na inayohesabiwa kuwa ya Louis Bourgeois, ina mistari minne ya silabi nane, sawasawa na ubeti wa utenzi. Idadi inalingana, lakini mkazo haulingani. Tuni inatua kwenye ya nane, Kiswahili kimetua kwenye ya saba. Mfasiri wa zamani, hata awe hodari vipi, hakuwa na pa kukimbilia.

Akina mama wa viti vya mbele walipata pa kukimbilia. Waliivuta ya saba. Waliifanya ndefu kiasi cha kulirudishia neno haki yake, kisha wakaitua ya nane kwa upole ili tuni nayo isionewe. Kilichokuwa kwenye karatasi kama pigo moja, wao wakakifanya mawili, na sioni kwamba walikosea. Walikuwa wakiufasiri wimbo kwa mara ya pili, safari hii kwa koo. Na mimi nilikuwa nimeketi mbele yao na hesabu zangu, nawakimbiza.

Tangu hapo nimekuwa nikipima nyimbo zetu hivyo. Zile zinazopendwa sana, ambazo kanisa zima linaziimba bila kutazama kitabu, mara nyingi ni zile ambazo mstari wake huanza kwa mkazo na kuisha kwa silabi nyepesi. Hizo Kiswahili huziingia kama mkono kwenye kanzu. Zile zinazoburuzika, ambazo kila kiongozi wa ibada hulalamika kwamba watu hawazijui, wanazijua sana. Zinawakata maneno. Na angalia wimbo wetu wa taifa. Mwaka 1963 waliokabidhiwa kazi hiyo, miongoni mwao Graham Hyslop na Kasisi Thomas Kalume, waliuchukua wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana na kuupanga kwa sauti nne kama wimbo wa kanisa. Mkenya asiyejua noti hata moja huuimba bila kulitegua neno, kwa sababu tuni ilitoka kinywani mwa mtu anayebembeleza kwa lugha iliyo ndugu ya hii.

Solfa nayo, ile namna ya kuandika tuni kwa herufi, inastahili neno. Herufi zile, d na r na m, zilitokana na kazi ya Sarah Glover na John Curwen huko Uingereza, na zimetutumikia kuliko tunavyokiri: taipureta moja na karatasi ya stensili, na kwaya nzima ina sauti zake nne. Nazipenda. Ila nukta mbili za solfa husema pigo limeisha wapi, na mwalimu asiyewasikiliza watu wake huziamini kuliko masikio.

Kanisa letu sasa lina kibodi. Sina ugomvi nayo. Inabebeka, hailiwi na mende, na vijana wanaipenda. Ugomvi wangu ni na ule mdundo unaojiendesha. Ukishaubonyeza unakwenda, na hauna masikio. Hauwezi kungoja mizani ya saba. Nimeona ibada ambazo akina mama wamekuja wakanyamaza kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka wimbo wa zamani ukabaki wa kipaza sauti peke yake, na watu wakasema wazee hawapendi kuimba siku hizi. Nawaomba wapigaji wenzangu, nawaomba kwa dhati: kwa nyimbo zile, uzimeni. Nyanyueni mikono mwisho wa mstari. Sikilizeni nani bado yuko njiani.

Bibi amefariki miaka mingi sasa. Alizikwa siku ya mvua kubwa, na nilimpigia harmoniamu wimbo aliouchagua mwenyewe, wa silabi nane. Nilingoja kila mstari. Kuna mahali nilingoja mno, na waombolezaji wakanikuta nimenyanyua mikono, wakaendelea bila mimi mpaka mwisho wa ubeti, na sikutaka kuwaingilia.

Wiki iliyopita nilikwenda Memorial mchana, mlango ulikuwa wazi, ndani mlikuwa na mtu mmoja anafagia. Nikamwomba ruhusa niimbe kidogo, akasema, "Imba tu, mwalimu." Nikasimama chini ya kuba, nikachukua ubeti wa utenzi niliosikia kwa fundi, nikautia katika tuni ile ya Geneva. Mizani ya saba nikaivuta. Kuba likaishika, likaizungusha, na ilipokuwa bado iko juu nikaiachia ya nane. Mwenye ufagio alikuwa amesimama.

Re ya katikati imeanza tena kulia yenyewe. Jumamosi, Mungu akipenda, nitaukunja ulimi wake kwenye leso nivuke Nyali niupeleke Mji wa Kale.